Nguo za Wachezaji wa Baleti: Habari za Sketi Iitwayo Tutu

Leo twapenda kuwaeleza habari za nguo moja ya Ulaya ambayo wengine wenu mmeiona katika picha mkaistaajabia, na wengine mkaicheka. Ni ile sketi ya wanawake wachezao baleti, iliyo fupi mno, tena bapa, nayo husimama kiunoni kama sahani. Jina lake ni tutu. Mtu aionapo mara ya kwanza huuliza, "Nguo gani hii, isiyositiri wala kuzuia baridi?" Swali hilo ni la haki. Jawabu lake lilichukua yapata miaka 300 kukamilika, na ndani yake mna mfalme aliyejivika jua, mna mashine ya kufuma wavu, na mna msichana aliyekufa kwa ajili ya sketi.

Kwanza tueleze baleti yenyewe. Ni mchezo wa kusimulia hadithi pasipo maneno. Mchezaji hasemi wala haimbi. Hufuata sauti za vinanda, na mambo yote, furaha na huzuni, hila na mapenzi, huyatamka kwa mwili wake. Mguu ndio ulimi wake. Katika ngoma zetu nyingi mchezaji hufunga njuga miguuni, maana kazi ya mguu ni kusikika. Katika baleti mguu hautakiwi kufanya kishindo hata kidogo. Kazi yake ni kuonekana. Mwenye kulishika jambo hilo moja ataelewa kwa nini nguo ile ilizidi kupungua.

Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Baleti ilizaliwa katika majumba ya wakuu wa Italia, ikakulia Ufaransa. Mwaka 1581, katika mji wa Paris, ilichezwa baleti kubwa kwa ajili ya harusi ya mdogo wake malkia, nayo ilidumu zaidi ya saa tano usiku. Waliocheza hawakuwa watu wa kazi hiyo. Walikuwa mabibi na mabwana wa nyumba ya mfalme wenyewe, wamevaa nguo za heshima zilizozidishwa zari, vito na manyoya ya ndege. Mtu aliyevaa mahameli na zari hata sakafuni hawezi kuruka, basi hawakuruka. Walitembea kwa madaha, wakainama, wakageuka, wakajipanga duara na pembetatu, na watazamaji walioketi juu wakayaona maumbo yale kama nakshi za zulia. Nguo ndiyo iliyokuwa mchezo, na miguu iliibeba tu.

Mwaka 1653 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, naye wakati huo ni kijana wa miaka 14, alicheza katika baleti iliyopewa jina la Usiku. Mchezo ulikesha, na mwisho wake akatokea mfalme mwenyewe amevaa mavazi ya dhahabu, miali ya jua imezunguka kichwa chake na kushuka mikononi, magotini na hata viatuni. Msidhani ya kuwa ilikuwa mapambo tu. Miaka michache kabla ya hapo wakubwa wa nchi walikuwa wamemwasi, hata akatolewa Paris usiku angali mtoto. Sasa walimtazama akichomoza kama jua mbele ya macho yao, na kila mmoja aliyafahamu maana yake. Tangu siku zile watu humwita Mfalme wa Jua.

Mfalme huyo ndiye aliyefanya baleti kuwa kazi yenye shule na sheria. Mwaka 1661 aliunda chama cha walimu wa kucheza, na mwaka 1681 wanawake wenye kazi hiyo walicheza kwa mara ya kwanza katika ukumbi mkuu wa Paris. Kabla yake sehemu za wanawake katika ukumbi ule zilichezwa na vijana wanaume waliovaa barakoa. Hapa pana jambo litakalowachekesha. Aliyetangulia kuvaa sketi fupi katika baleti ni mwanamume. Wanaume walivaa kisketi kigumu kilichotanuliwa kwa mifupa ya nyangumi, kikasimama mapajani kama kengele, na miguu ikabaki huru. Kwa hiyo wanaume waliruka na kuzunguka wakasifiwa, nao wanawake, waliositiriwa hata sakafuni na kuvaa chini ya gauni fremu pana kama kapu, waliteleza tu huku na huko. Watazamaji walisema ya kuwa wanaume wana vipawa zaidi. Sisi twaona kipawa kilikuwa katika pindo la nguo.

Ndipo mwaka 1726 alipotokea Paris msichana wa miaka 16, mzaliwa wa Brussels, jina lake Marie Camargo. Miguu yake ilikuwa myepesi mno, akajifunza mruko uliohesabiwa kuwa wa wanaume, yaani kuruka juu na kupishanisha miguu hewani upesi upesi kabla ya kugusa chini. Lakini ni faida gani kupishanisha miguu ndani ya gauni refu? Ni kama kuandika barua nzuri na kuifungia sandukuni. Camargo akapunguza pindo hata vifundo vya miguu vikaonekana, na habari zake zasema ya kuwa aliondoa na visigino virefu vya viatu, ili unyayo upate kukunjika. Alichokata ni vidole vichache vya kitambaa, walakini mji mzima ulizungumza habari zile, wengine kwa kusifu, wengine kwa kushutumu.

Aliyeshindana naye aliitwa Marie Sallé, na huyo alikuwa mtu wa namna nyingine. Hakujali mruko, alitaka hadithi iaminike. Mwaka 1734 alikwenda London akacheza hadithi ya kale ya Pygmalion, mchongaji aliyependa sanamu yake mwenyewe hata ikapata uhai. Sallé ndiye aliyekuwa sanamu. Alitokea pasipo fremu ndani ya gauni, pasipo nywele za bandia, amevaa melimeli nyepesi iliyoangukia mwilini kama mavazi ya sanamu za Wayunani, na nywele zake zimeachwa wazi. Alifikiri kwa akili iliyo nyofu: sanamu ya Uyunani haivai gauni la Paris. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla wenziwe hawajakubali.

Kwa wanaume kizuizi kilikuwa barakoa. Mwalimu mmoja mkubwa, Jean-Georges Noverre, aliandika kitabu mwaka 1760 akiulaumu uzito wa mavazi, nywele za bandia, na barakoa zilizofanya uso wa mchezaji kuwa mfu. Maneno yake yalikuwa ya hekima, lakini barakoa haikuondolewa na hekima peke yake. Karibu na mwaka 1772 mchezaji mashuhuri Gaétan Vestris alikuwa acheze sehemu ya Apolo, mungu wa jua wa Wayunani, akashindwa kufika. Mwenzake Maximilien Gardel alikubali kushika nafasi yake kwa sharti moja, kwamba acheze uso wazi, watu wasije wakadhani ni Vestris wakampa Vestris sifa. Hivyo wivu wa mtu mmoja ulimaliza kazi ambayo kitabu kizima kilikuwa kimeianza.

Baada ya mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 watu wa mjini wenyewe waliyaacha mavazi mazito, na baleti ikapata nguo nyepesi pamoja na soksi ndefu za kubana, zifikazo kiunoni. Soksi hizo zilitiwa rangi ya ngozi ya Wazungu, ili mguu uonekane kama mtupu na kumbe umesitiriwa. Tutairudia rangi hiyo baadaye.

Sasa twende Uingereza kidogo, kwa kuwa sketi tunayoisimulia isingalikuwapo pasipo fundi mmoja wa huko. Kitambaa cha wavu mwembamba kilikuwa kikifumwa kwa mikono, polepole, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Katika miaka ya 1808 na 1809 John Heathcoat alipata hati za serikali za kulinda mashine yake iliyofuma wavu huo, tundu kwa tundu, upesi na kwa usawa. Mafundi waliohofu kupotewa na riziki hawakufurahi. Mwaka 1816 watu waliingia usiku katika kiwanda chake mjini Loughborough wakavunja mashine 55. Heathcoat akahamia mji wa Tiverton, kusini-magharibi mwa Uingereza, akaanza tena. Wafaransa hukiita kitambaa hicho kwa jina la mji wao wa Tulle. Ninyi mwakijua ndugu yake, maana ndiye chandarua mnacholalia kujikinga na mbu. Lichukueni pindo la chandarua kipya, mlikusanye kwa marinda mengi, tabaka juu ya tabaka, nanyi mtaona jinsi linavyosimama lenyewe pasipo uzito wowote.

Tarehe 12 Machi 1832, katika ukumbi mkuu wa Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide, hadithi ya mzuka wa kike wa angani anayempenda kijana wa Uskochi siku ya harusi ya kijana huyo. Baba yake Taglioni, Filippo, ndiye aliyeutunga mchezo, na ndiye aliyemfundisha binti yake kwa ukali wa ajabu, saa sita kwa siku, hata akaweza kusimama juu ya ncha za vidole kana kwamba ardhi haimtaki. Viatu vyake vilikuwa vya atlasi laini, vimeimarishwa kwa uzi tu. Nguo yake ilikuwa nyeupe tupu: kizibao chenye kubana kiuno, mbawa ndogo mgongoni, na sketi ya matabaka ya kitambaa chepesi iliyotanuka kama kengele, ikaishia katikati ya shavu la mguu. Ukumbi ule ulikuwa na taa za gesi tangu mwaka 1822. Mwanga wa gesi ulipopenya katika matabaka yale, mchezaji alionekana kama moshi au umande wa asubuhi. Watu walisahau ya kuwa ana mifupa. Tangu siku ile nguo nyeupe ikawa kanuni ya mizuka yote ya baleti, na mwaka 1841 ilipochezwa Giselle, hadithi ya wasichana waliokufa kabla ya harusi zao, jukwaa lote lilijaa sketi nyeupe usiku wa mwezi.

Lakini fikirini vilivyokutana hapo. Kitambaa cha pamba chepesi kuliko karatasi. Matabaka mengi, na katikati ya kila tabaka hewa. Na juu ya jukwaa, mbele na pande zote, ndimi za moto wa gesi, nyingine hazina kifuniko. Kila aliyepata kuona paa la makuti makavu likishika moto hahitaji kuelezwa zaidi. Moto hupenda kitu chembamba chenye hewa. Na mchezaji aliyewaka, kwa woga wake, hukimbia, na kukimbia kwake kunaupa moto pumzi.

Basi wasichana walianza kufa. Mwezi wa Desemba 1844 katika ukumbi wa Drury Lane, London, sketi ya Clara Webster iligusa taa watu wakitazama, naye alikufa baada ya siku chache. Mwaka 1861 mjini Philadelphia, Marekani, moto ulimshika mchezaji mmoja katika chumba cha kuvalia, wenzake wakamkimbilia kumwokoa, nao wakawaka. Walikufa wasiopungua sita, na katika hao walikuwamo ndugu wa tumbo moja.

Yaliyompata Emma Livry yameandikwa zaidi ya yote, nasi tutayaeleza kwa kituo. Alizaliwa mwaka 1842. Mwaka 1858, akiwa msichana wa miaka 16, alicheza La Sylphide huko Paris, naye Marie Taglioni, ambaye sasa alikuwa mtu mzima ameacha kucheza, alipopata habari zake alikuja Paris akamfanya mwanafunzi wake. Mwaka 1860 Taglioni alimtungia baleti iitwayo Le Papillon, yaani Kipepeo. Katika hadithi hiyo Emma alikuwa kipepeo avutwaye na mwanga wa mwenge hata mbawa zake zikaungua.

Serikali ya Ufaransa haikuwa imelala. Mwaka 1859 ilitoa amri ya kwamba mapazia na nguo zote za jukwaani zichovywe katika maji ya dawa yaliyobuniwa na mtu aitwaye Carteron, ili zisishike moto upesi. Dawa ilifaa. Lakini kitambaa kilichochovywa kilikuwa kigumu, kikapoteza weupe wake, kikaonekana kichafu, na sketi haikuelea tena. Wachezaji wengi waliikataa, na Emma alikuwa miongoni mwao. Alimwandikia mkuu wa ukumbi ya kuwa atacheza kwa sketi yake ya siku zote, na lolote litakalotokea liwe juu yake mwenyewe.

Tarehe 15 Novemba 1862 yalikuwa mazoezi ya mchezo uitwao La Muette de Portici, na Emma alikuwa msichana bubu, mkuu wa hadithi hiyo. Alikuwa akingoja zamu yake kando ya jukwaa. Alipoitengeneza sketi yake isikunjike, kitambaa kilipepea kikafikia taa ya gesi. Alikimbia jukwaani akiwaka mara moja na mbili, mpaka mzima-moto mmoja akamkamata na kumfunika kwa blanketi. Aliishi miezi minane katika maumivu makali, akafa tarehe 26 Julai 1863, kabla hajatimiza miaka 21. Yasemekana ya kuwa alipoulizwa kitandani habari za zile nguo za dawa, alikiri kwamba zina hatari ndogo, lakini akasema ya kuwa kama angerudi jukwaani asingezivaa, kwa jinsi zilivyo mbaya kutazama. Masalio ya sketi yake yaliyoungua yamehifadhiwa Paris katika makumbusho ya ukumbi huo.

Wako watu wanaomtaja Emma Livry kama mfano wa majivuno ya wasichana. Sisi hatukubali. Riziki ya mchezaji ilikuwa kuonekana kama wingu. Aliyeonekana mzito na mchafu alipoteza kazi, na watazamaji waliolipa fedha zao hawakuja kuona usalama. Wenye ukumbi walikuwa na amri ya serikali mkononi, tena walijua hatari. Walipopokea barua ya msichana asiyetimiza miaka 20 akisema atachukua lawama yote, ilikuwa rahisi kwao kumwachia. Taa ilikuwa yao, wala hawakuisogeza.

Ajali ile iliwatisha watu, na wazima-moto wakasimama kando ya majukwaa na mablanketi yaliyolowa maji. Lakini kilichoondoa hatari hasa ni umeme. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy, London, ulikuwa wa kwanza kuwashwa wote kwa taa za umeme, na kumbi nyingine zikafuata katika miaka iliyoandamia.

Katika miaka hiyo hiyo sketi ilipanda tena, na sababu yake ni ile ile ya Camargo. Shule za Italia, hasa ya Milan, zilikuwa zikitoa wachezaji wenye nguvu za ajabu, wanaosimama kwa ncha ya kidole muda mrefu na kuzunguka kama pia. Mmoja wao, Virginia Zucchi, alikwenda St Petersburg, Urusi, mwaka 1885. Ukumbi wa mfalme wa Urusi ulikuwa na desturi ya sketi ndefu. Zucchi akaikataa, akavaa iliyo fupi zaidi. Akafuata Mwitalia mwenzake, Pierina Legnani, ambaye mwaka 1893 aliwashangaza Warusi kwa kuzunguka mara 32 juu ya mguu mmoja, mguu wa pili ukipiga hewa kama mjeledi kwa kila mzunguko. Mwaka 1895 alifanya vivyo hivyo katika Swan Lake, hadithi ya binti aliyegeuzwa bata-maji. Jaribuni kuufikiria mchezo huo katika sketi ya Taglioni: nguo ingejisokota mguuni, na ule mjeledi usingeonekana. Goti lilikuwa limepata kazi, basi nguo ililipisha goti, na baadaye paja.

Lakini mkiona picha za mwaka 1895 mtaona sketi ikiwa ingali imeinama kama kengele iliyokatwa, karibu na goti. Ile iliyo bapa kama sahani ilikuja katika karne ya 20, mafundi walipozidi kuifupisha na kuitia duara la waya ndani.

Na jina lake je? Wafaransa husimulia ya kuwa tutu ni neno la kitoto, limetokana na jina la sehemu ya mwili tunayoikalia. Kwanza waliita hivyo vazi la ndani lililoshonwa kwa kupitisha kitambaa katikati ya miguu, ili mchezaji arukapo asivunjiwe heshima. Baadaye jina likapanda, likashika sketi nzima. Hivyo neno ambalo mama humwambia mtoto anapomwogesha limechapishwa katika matangazo ya kumbi za wafalme, wala hakuna aonaye haya.

Si kila mtu aliyeipenda tutu. Mrusi Michel Fokine, mtungaji wa baleti, alisema ya kuwa ni upuuzi kumvika mwanamke wa Misri ya kale na mwanamke wa Ufaransa sketi moja ile ile; nguo na ifuate hadithi. Mwaka 1909, katika Les Sylphides, alirudisha sketi ndefu ya Taglioni. Kundi la Serge Diaghilev lililoanza kucheza Paris mwaka huo huo lilileta suruali pana na rangi kali zilizochorwa na Léon Bakst. Wanaume nao walikuwa na kesi zao: mwaka 1911 Vaslav Nijinsky, aliyekuwa mchezaji wa kiume mashuhuri kuliko wote wa Urusi, alifukuzwa katika ukumbi wa mfalme kwa kucheza Giselle amevaa soksi za kubana pasipo ile suruali fupi ya juu iliyoamriwa, mbele ya mama yake mfalme. Vidole vichache vya kitambaa tena.

Kati yenu wamo mafundi wa cherehani, na hao hupenda kujua nguo inavyoshonwa kuliko habari za wafalme. Tutu huanza kwa suruali fupi ya ndani. Juu ya suruali hiyo hushonwa marinda ya kitambaa cha wavu, matabaka 10 hata 14. Lililo chini kabisa, karibu na paja, ni jembamba kama upana wa vidole. Kila lifuatalo ni pana zaidi, mpaka la juu ambalo ndilo linaloonekana na kutiwa nakshi. Matabaka ya chini ndiyo nguzo za yale ya juu. Katikati hupitishwa duara la waya wa chuma, kisha matabaka yote hupigwa bandi kwa nyuzi zilizolegea, zishike lakini zisibane. Kizibao cha juu hukatwa kwa vipande vingi ili kifuate mbavu zinapotanuka kwa pumzi. Yote huchukua saa 60 na zaidi za kazi, na nyingi ni za mkono. Nyuma huwekwa safu mbili tatu za kulabu, kwa kuwa nguo moja huvaliwa na wachezaji wengi kwa miaka mingi. Haifuliwi ovyo, maana maji huilegeza. Katika kumbi nyingi hunyunyiziwa vodka, pombe kali ya Kirusi, ambayo huua harufu ya jasho na kukauka upesi. Ni kazi njema kuliko zote tulizopata kusikia kwamba pombe imefanya. Halafu sketi hutundikwa juu chini, yaani miguu juu, ili marinda yasianguke.

Mwanamke mmoja alithubutu kuuondoa waya. Huyo ni Barbara Karinska, aliyezaliwa Kharkiv mwaka 1886, akawa fundi mkuu wa nguo za baleti huko New York. Mwaka 1950, kwa ajili ya baleti ya George Balanchine iitwayo Symphony in C, alihitaji kuvika wanawake wengi waliosongamana jukwaani. Sketi zenye waya zilikuwa zikigongana. Mmoja akiguswa, sahani yake huinuka upande wa pili. Karinska akapunguza matabaka, akaacha waya, akayapiga bandi kwa ulegevu, na sketi ikawa laini kama manyoya ya kifaranga. Kumbi nyingi za Marekani ziliufuata mtindo huo.

Tulisema tutairudia rangi ya soksi. Soksi na viatu vya waridi vilichaguliwa ili mguu wa Mzungu uonekane mstari mmoja tangu nyonga hata ncha ya kidole. Kwa mchezaji mweusi rangi hiyo hufanya kinyume: huukata mwili vipande viwili. Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyeanzisha kundi la Dance Theatre of Harlem mwaka 1969 huko New York, aliliona hilo, na mwaka 1974 wachezaji wake wakaanza kuvaa soksi na viatu vilivyotiwa rangi ya ngozi ya kila mmoja wao. Lakini viatu vyenyewe viliendelea kutoka viwandani vikiwa vya waridi. Siku hizi baleti hufundishwa hata Nairobi, na katika wanaojifunza wamo watoto wa Kibera. Jambo hili halihusu Marekani peke yake. Mwaka 2018 ndipo kampuni ya Freed ya London, pamoja na kundi la Ballet Black la mji huo huo, ilipoanza kuuza viatu vya kusimamia vidole vya rangi mbili za kahawia. Kabla ya hapo wachezaji weusi walinunua viatu vya waridi, wakaketi na chupa ya poda ya uso na kisponji, wakavipaka kimoja kimoja hata kwenye utepe, na jozi moja ya viatu hivyo huenda ikaisha nguvu kwa usiku mmoja wa mchezo.